Kidole Gumba cha Tano

Simu ya jikoni kwa akina Broadnax ikilia kabla ya saa moja asubuhi, basi kuna msiba. Ndivyo Verdell alivyoizoea. Kwa hiyo Jumatatu ile ilipolia saa kumi na mbili na nusu, alizima jiko, akafuta mikono kwenye aproni na kuanza kupitia kichwani wagonjwa wa kanisani, ni nani aliyezidiwa. Aliyeipokea ni mumewe, Lucius, akiwa na chupa ya jamu ya tini kwapani. Chupa hiyo ilikuwa imemshinda kufungua kwa dakika nzima.

Hakuwa amekufa mtu. Alikuwa Gil Prentiss, bosi wake Lucius, akipiga kutoka ofisi kuu ya klabu. Gil alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe, hata mtu aliyesimama kwenye sinki alisikia kila neno. Verdell alisikia kila neno.

Lucius alikuwa skauti wa besiboli, msaka vipaji. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akizunguka Alabama, Georgia na Mississippi na gari lake, akiwatazama vijana wa ligi ndogo, halafu anaiandikia klabu nani anafaa kuchukuliwa. Sasa klabu ilitaka kubadilishana: itoe mrushaji wake mmoja, ipewe mchezaji wa uwanja wa nje kutoka timu ya Larkin, mji ulio dakika arobaini kutoka kwao. Waliokuwa mezani ni wawili. Mmoja Haverty, pande la mtu lenye mabega, akiupiga mpira kwa gongo unapotea. Wa pili Emmett Pettway, kijana wa miaka ishirini, mwembamba, anayelinda katikati ya uwanja wa nje. Ofisi ilimpenda Haverty. Lucius alikuwa ameandika Pettway.

"Umeandika hapa anafika kila mpira," Gil alisema. "Halafu chini, kwenye mbio, umeandika sekunde nne nukta tatu mpaka kituo cha kwanza. Mpigaji wa mkono wa kushoto, nne nukta tatu. Hiyo ni alama ya arobaini, Lucius, ya mtu mzito. Mlinzi wa kati mwenye mbio za arobaini anafikaje kwenye mpira? Anapanda basi?"

Lucius akasema yeye aliandika alichokiona na saa ya kubonyeza iliandika ilichopima. Gil akasema basi kimoja kati ya hivyo viwili kimeharibika, macho au saa, na saa ni mpya, alimtumia yeye mwenyewe mwezi wa pili. Kisha akashusha sauti kidogo, na hapo ndipo Verdell alipoacha kuosha vyombo. Ofisi ilikuwa imepitia ripoti zote za Lucius za mwaka huu na kuona amewashusha vijana wote. Walitaka kumwachisha kazi. Gil alikuwa amemwombea. Abadilishe mstari mmoja tu, aandike Haverty, na Gil angemsainia misimu miwili aliyobakiza kabla ya pensheni. Aking'ang'ania Pettway na mbio zake za arobaini, wangeondoka pamoja, yeye na kijana wake. Jibu lilitakiwa Jumatano, kabla ya saa kumi na moja jioni.

Lucius akarudisha simu ukutani, akaichukua tena chupa ya jamu. Akalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawakimbii, tangu mwezi wa pili hajaona hata mmoja anayekimbia, wanakula ovyo. Verdell akamnyang'anya chupa, akazungusha kifuniko mara moja na kuiweka mezani.

"Alabama nzima imevimba miguu?" akauliza.

 Wakala uji mzito wa mahindi na soseji.


Nyumba hiyo ilikuwa na desturi yake. Katika kazi ya Lucius alama zinaanzia ishirini na kuishia themanini. Hamsini ni mtu wa kawaida wa ligi kuu, na huko kufika tu si mchezo. Sitini ni mtu unayemwamsha bosi wako usingizini kumwambia. Themanini huioni. Lucius alikuwa ametoa themanini mara mbili katika maisha yake, moja kwa mkono wa kijana wa Mobile na moja kwa mbio za mwingine ambaye baadaye alivunjika mguu kwenye pikipiki. Basi akawa anapima kila kitu kwa alama hizo. Mchungaji mpya, hamsini, anahubiri kwa muda mrefu. Gari la shemeji, thelathini. Pai ya pichi ya Verdell, ambayo watu walivuka kaunti kuja kuila, ilikuwa sitini na tano tangu walipooana, miaka thelathini na mmoja, na haikupanda hata nukta.

Verdell naye alikuwa na alama zake. Kwa mumewe alitoa hamsini na tano. Macho sabini, alisema, ila masikio yanamshusha.


Jumanne Verdell alivaa viatu vya kutembelea, akatia skonzi na jamu ya tini kwenye mfuko wa karatasi, akaingia kwenye gari kabla hajaalikwa. Lucius aliuliza anakwenda wapi. Akajibu anakwenda kumwona huyo Pettway anayetaka kumlaza njaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwenda naye kazini baada ya miaka kumi na minne.

Pale mlangoni pa uwanja wa Larkin, Lucius alionyesha kadi yake ya skauti na kupita. Mzee wa tiketi, mwenye kofia ya majani, akanyoosha mkono mbele ya Verdell. Kadi ni ya mtu mmoja, akasema. Lucius akamwambia huyu ni mke wangu. Mzee akasema anamwona vizuri, na mke wa skauti ni mtazamaji, mtazamaji analipa dola tatu. Watu wa nyuma yao walikuwa wanasikia. Lucius akaanza kupapasa mfukoni, Verdell akawa ameshalipa.

Maskauti wanakaa pamoja, nyuma ya mdakaji, mstari wao mmoja. Siku hiyo walikuwa watano, kila mmoja wa klabu yake, na kila mmoja ana saa ya kubonyeza mkononi. Mpigaji akigonga mpira, wote wanabonyeza. Akikanyaga kituo cha kwanza, wote wanabonyeza tena. Kisha kila mtu anaifunika saa yake kwa kiganja, anachungulia peke yake na kuandika. Ukimwonyesha mwenzako saa yako umeigawa mali ya klabu yako. Watakula pamoja, watapeana lifti, watazikana, lakini saa hawaonyeshani. Hata Dutch Womack, mzungu mnene wa Tennessee aliyemjua Lucius kwa miaka ishirini na mitano, alikuwa akiifunika yake.

Verdell alikaa mstari wa nyuma yao, akagawa skonzi. Skauti mmoja kijana alimshukuru, halafu akamuuliza kama na kahawa anauza. Womack akamwambia kijana huyo afunge mdomo ale.

Pettway alipogonga mpira wa chini na kukimbia, Verdell aliona tu miguu mirefu na vumbi. Alimwona Lucius akiichungulia saa yake na shingo yake ikilegea. Nne nukta tatu tena, hata bila kuambiwa alijua. Zamu ya pili ya kijana, Verdell hakumtazama mkimbiaji. Alitazama mikono mitano iliyokuwa mbele yake.

Hapa lazima niseme jambo. Verdell alifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha soksi, kushona vidole vya soksi, na miaka yote hiyo alikuwepo mwanamume mmoja anayesimama nyuma yao wanawake na saa ya kubonyeza. Mpima saa. Huyo bwana alikuwa na ujanja wake: mwanamke akianza dozeni, yeye anachelewa kidogo kubonyeza, ili karatasi ionyeshe dozeni imeshonwa upesi, na wiki inayofuata kiwango kinapandishwa kwa kila mtu. Wanawake wa mstari ule walijifunza kutazama kidole gumba chake kupitia kioo cha dirisha huku mikono ikishona. Verdell alitoka pale na mambo mawili, mgongo mbovu na jicho la kidole gumba. Saa ya kubonyeza yenyewe hakutaka kuigusa tena, hata ya mumewe alikuwa akiisogeza mezani kwa kijiko.

Gongo likagonga. Vidole gumba vitano vikabonyeza pamoja. Pettway akaruka mbio, akakanyaga kituo. Vidole vinne vikabonyeza pamoja. Cha tano kikachelewa.

Ilikuwa kitambo kidogo mno, huwezi hata kusema "ah". Verdell akasubiri zamu ya tatu ili asimwonee mtu. Vinne pamoja, cha tano nyuma. Cha tano kilikuwa cha mume wake, na kilikuwa kimevimba kwenye kifundo.


Alimwambia njiani, jua likiwa bado halijazama. Alimwambia polepole, kwamba kidole kinaitikia kubonyeza mara ya kwanza, kisha kinakakamaa, mara ya pili kinakwenda kwa shida. Lucius akasema hiyo ni saa ya besiboli, si mashine ya soksi. Verdell akamkumbusha chupa ya jamu. Akamkumbusha vifungo vya shati la Jumapili, ambavyo tangu Krismasi alikuwa akimwambia amfungie eti kwa sababu anapenda akimfungia. Lucius akawasha redio. Verdell akaizima.

"Bwana Broadnax," akasema, na akimwita hivyo ujue mambo si mazuri, "nimekitazama kidole cha mwizi miaka kumi na tisa. Unadhani cha mume wangu sitakijua?"



Asubuhi ya Jumatano Lucius aliamka kabla yake. Verdell alimkuta jikoni, amesimama mbele ya saa ya ukutani na saa yake ya kubonyeza mkononi, anapima sekunde kumi za mshale mwekundu. Alikuwa ameandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme: kumi nukta mbili, kumi nukta tatu, kumi nukta mbili. Chini yake aliandika za mkono wa kushoto, nazo zilikuwa zimetawanyika ovyo, mara tisa, mara kumi na nusu. Hakugeuka.

Verdell alidhani atafurahi. Kumbe kijana anakimbia! Ukiondoa kile kitambo kidogo, ni nne kamili na ushee, hiyo ni sitini na tano, na macho yake Lucius yalikuwa sahihi muda wote. Lakini Lucius alikaa kitini na kuweka mkono wake mezani kama kitu cha mtu mwingine. Alikuwa na hofu, na kwa umri wake alikuwa hajui aiweke wapi.

"Nikimwambia Gil, kijana anapona na mimi natoka," akasema. "Skauti asiyeweza kubonyeza saa ni nani? Ni mzee anayependa mpira. Nikiandika Haverty, tunapata misimu yetu miwili na hakuna anayejua."

Alisema pia kwamba angeweza kuandika nne nukta moja tu, hivi hivi, kwa kubuni. Alisema ili lisemwe. Wote wawili walijua hajawahi kuandika nambari ambayo hakuiona.

 Misimu miwili ile Verdell aliijua vizuri kuliko yeye, kwa sababu dawa za mgongo zilikuwa zake. Alimimina kahawa, akakaa upande wa pili wa meza.

"Yule mpima saa alikuwa na watoto watatu," akasema. "Alihitaji kazi. Wote tulijua anaihitaji. Sijamsamehe mpaka leo."

Kisha akanyoosha mkono, akaichukua saa kutoka kwa mumewe, kwa vidole vyake mwenyewe, akaivaa shingoni kwa kamba yake. Akabonyeza, akatazama mshale mwekundu, akabonyeza. Kumi kamili. Akarudia. Kumi kamili.

"Basi wewe usibonyeze," akasema. "Wewe tazama."


Mechi ya Jumatano ilikuwa ya saa tano asubuhi, ile ya watoto wa shule, na uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele kwa sauti nyembamba. Mzee wa tiketi alitoza dola tatu tena. Aliitazama saa kifuani mwa Verdell, akauliza kama ni mapambo. Verdell akamwambia ni mapambo.

Kabla ya mchezo Pettway alikuwa kwenye uzio akinyoosha miguu. Verdell akamsogelea na skonzi, Lucius akabaki nyuma, maana skauti hapaswi kuonyesha anamtaka nani. Kijana alikula tatu amesimama. Verdell akamuuliza kwa nini jana, timu yake ikilinda, alikuwa anaanza kukimbia kabla mpira haujagongwa, mbona anajichosha.

"Namtazama mpigaji nyonga, mama," kijana akasema, mdomo umejaa. "Zikifunguka mapema, mpira unakuja kulia kwangu. Kocha anasema nabahatisha. Sibahatishi."

Akauliza kama huyo mzee pale ni skauti, na kama ndiye aliyemwandika kwamba ni mzito. Habari hizi huwa zinavuja, hakuna ajuaye vipi. Kocha alikuwa amemwambia mtu fulani amemwandikia arobaini, na timu ya Larkin ikishindwa kumbadilisha itamwacha mwisho wa mwezi. Hakuuliza kwa hasira. Verdell akampa skonzi ya nne.

Zamu ya kwanza Pettway aligonga mpira wa chini na kukimbia, na Verdell, kwa papara, akabonyeza mwisho mapema. Saa ikasema tatu nukta tisa. Lucius aliiona na macho yakamtoka. Verdell akatikisa kichwa.

"Hiyo nimeharibu. Usiandike."

Na Lucius, ambaye angeweza kuipokea nambari ile kwa magoti, hakuiandika. Zamu ya pili mrushaji alikosea mara nne, kijana akatembea bure mpaka kituoni, hakuna cha kupima. Ilibaki zamu mbili, labda. Maskauti wengine walikuwa wameshamwona mwanamke aliyekaa mstari wao na saa shingoni. Yule kijana wa kahawa akacheka puani, akasema kumbe siku hizi kazi hii mtu anakuja na mkewe. Womack alikuwa anamenya karanga.

Halafu likatokea jambo upande wa ulinzi. Mpigaji wa wageni aligonga mpira mrefu kwenda pengo la kulia, mpira wa kupotea kabisa, na watoto wakapiga ukelele. Mwaka mzima ule Lucius alikuwa akitazama nusu ya mchezo, nusu nyingine akichungulia mkono wake. Sasa mikono ilikuwa mitupu. Aliiona yote. Aliiona hatua ya kwanza ya Pettway kabla ya mlio wa gongo, akaona anavyokimbia bila kuutazama mpira, mgongo kwa mpira, kisha anageuka na kuukuta unamngoja. Hakujirusha wala kugaagaa, aliudaka akiwa wima, akaurudisha. Watoto wengi hata hawakujua kwamba wameona kitu. Lucius alijua, na moyo wake ukafurahi mpaka akaona aibu ya kufurahi hivyo akiwa na miaka sitini na mmoja.

Zamu ya tatu. Mpira wa chini, upande wa kushoto, wa ndani kabisa. Safari hii Verdell hakufanya papara. Alibonyeza kwenye mlio, akakiacha kidole kimelala pale pale juu ya kitufe kama alivyokuwa akimwona yule bwana wa kiwandani afanyavyo siku ambazo mkaguzi wa serikali yupo na inabidi apime kwa haki. Mguu ukakanyaga kituo, akabonyeza. Nne nukta sifuri tano. Lucius akaandika. Zamu ya nne, mpira mwingine wa chini, kijana akiwa amechoka na jua la mchana liko kichwani: nne nukta moja.

Mechi ilipokwisha maskauti wakakusanya vitu vyao. Womack alisimama wa mwisho. Huyu alikuwa ametembea na Lucius barabara zile zile tangu mwaka sitini na nne, wakati ambapo yeye aliingia mkahawani kula na Lucius, kwa kuwa ni mweusi, akala ndani ya gari, kioo kimeshushwa, sahani ikiletwa kwa mlango wa nyuma. Hawakuwahi kulizungumza hilo hata siku moja. Alichukua saa yake, akaiweka juu ya ukingo wa chuma mbele ya Verdell, uso wa saa ukiwa juu, akageukia upande mwingine na kuanza kukung'uta maganda ya karanga kwenye suruali, taratibu, ganda moja moja.

Saa ilisema nne nukta moja. Verdell akaitazama, akaitazama ya kwake, akamgusa Lucius kwa kiwiko.

"Asante kwa skonzi, mama," Womack akasema, akaitia saa mfukoni na kuondoka.


Kibanda cha simu kilikuwa nje ya uwanja, karibu na mabasi ya shule. Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Lucius alifunga mlango, kisha akaufungua ili Verdell asikie, ingawa kwa sauti ya Gil hapakuwa na haja.

Alisema yote bila kupamba. Kidole gumba kimekufa, tangu baridi. Kila nambari ya mbio aliyoandika mwaka huu iondolewe sekunde nukta mbili na ushee, vijana wote, Gil awaambie watu wa ofisini wazisahihishe leo. Pettway ni nne nukta sifuri tano na nne nukta moja, mbio za sitini na tano, na ulinzi wake ni mkubwa kuliko huo. Habadilishi mstari. Wakitaka kumwacha wamwache, lakini wamchukue kijana.

Mashine ikadai sarafu nyingine. Verdell akaitia.

"Nani alishika saa?"

"Mke wangu."

"Mke wako." Gil akacheka, si kicheko kizuri. "Lucius, niende kwa hawa watu niwaambie tumtoe mrushaji kwa sababu Bibi Broadnax ameshika saa?"

"Waambie Dutch Womack ana nne nukta moja ile ile."

"Womack kakuonyesha saa yake?"

"Hapana. Amemwonyesha mke wangu."

 Basi moja la shule likaondoka, watoto wakipunga mikono madirishani kwa mtu yeyote.

"Mimi nimekaa na Womack miaka kumi na nane," Gil akasema hatimaye. "Huyo mtu hajawahi kunionyesha hata saa ya ukutani."

Akamwambia asubiri. Akaiweka simu mezani, wakasikia mlango, wakasikia sauti za watu mbali na ya Gil juu yao wote. Verdell alitia sarafu mbili, kisha ya tatu, akabaki na moja kiganjani. Lucius alikuwa ameegemea kioo cha kibanda, kofia mkononi. Gil aliporudi alikuwa anahema.

Wamemchukua Pettway. Karatasi zingesainiwa kabla ya saa kumi na moja. Kuhusu yeye Lucius, ofisi walikuwa wameuliza klabu itafanya nini na skauti asiye na kidole gumba, na Gil amewajibu kwamba klabu imejaa watu wenye vidole gumba, wanaoona ndio wachache. Misimu miwili, imesainiwa. Ila aje na saa inayofanya kazi.

"Saa ninayo hapa, shingoni mwa mke wangu," Lucius akasema.

"Ndiyo maana naagiza kadi ya pili ya mlangoni. Niandike jina gani?"

Verdell akainama kwenye simu, akalitaja jina mwenyewe, herufi moja moja, V, E, R, D, mpaka mwisho. Alipomaliza, akaongeza kwamba Larkin inadaiwa dola zake sita za mlangoni.


Ijumaa jioni Lucius alikaa meza ya jikoni kujaza ripoti ya mwisho ya Pettway, ile inayowekwa kwenye faili na kubaki na mchezaji maisha yake yote. Kijana alikuwa amepita asubuhi akiwa njiani kwenda timu yake mpya, ngazi moja juu, begi moja na jozi mbili za viatu. Alimkumbatia Verdell, akampa Lucius mkono, akakaza gumba bovu bila kujua.  Mkono ulikuwa unamuuma hata sasa.

Kwenye mbio akaandika sitini na tano. Kwenye ulinzi akafikiri sana, akaandika sabini. Chini kabisa palikuwa na mstari wa jina la skauti, akaandika L. na V. Broadnax, kwa mwandiko wa kubana maana nafasi ilikuwa ndogo. Verdell aliweka sahani ya pai ya pichi karibu yake na kusoma juu ya bega lake. Akauliza, kwa vile yupo kwenye karatasi, yeye mwenyewe amepewa ngapi, au watu wa mstari ule hawapimwi.

Lucius hakucheka. Aligeuza kalamu, akachukua ile bahasha ya umeme yenye nambari zake mbovu, akaandika pembeni nambari moja na kuisukuma mezani. Verdell akavaa miwani. Ilikuwa themanini.

 Kisha akaikunja bahasha mara mbili, akaitia mfukoni mwa aproni na kumsogezea uma.

"Umechelewa kubonyeza," akasema. "Kwa miaka thelathini na mmoja."